Meno yanapata ganzi nikinywa kitu baridi: dawa ya meno yenye madini inasaidia kweli?

MamaSwaumu, Arua
Salaam aleikum ndugu zangu. Tangu maembe yaanze kuingia sokoni meno yananitesa. Nikinywa maji ya friji, au hata nikivuta hewa ya asubuhi, meno ya juu upande wa kushoto yanachoma ghafla, kisha maumivu yanakatika. Tundu sioni. Famasini nimeonyeshwa dawa za meno mbili: moja ina nitrati ya potasiamu, nyingine haidroksiapatiti, na hiyo ya pili ni ghali zaidi. Muuzaji hakunieleza tofauti. Jirani naye ananihimiza nisugue kwa mkaa na chumvi. Nishike lipi?

Dereva wa Koboko
Pole sana dada. Mkaa achana nao, unalisaga jino. Mimi ya potasiamu ilinisaidia, ila ilichukua muda.

Tabibu wa Meno, Kampala
Dada, kwanza nikuulize: unapiga mswaki kwa mkono wa kulia? Na ukipitisha ukucha pale jino linapokutana na fizi, unakwama kwenye kijishimo?

MamaSwaumu
Ndiyo, wa kulia. Na ukucha unakwama, kwenye meno mawili yanayofuata chonge. Umejuaje daktari?

Tabibu wa Meno
Wanaotumia mkono wa kulia mara nyingi hukandamiza zaidi upande wa kushoto. Fizi inapanda, shina la jino linabaki wazi. Sehemu ya jino tunayoiona imefunikwa na enameli, ambayo takribani asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Shina halina ngao hiyo. Lina dentini, yenye mirija midogo sana iliyojaa majimaji. Baridi au uchachu ukiigusa, majimaji yanasogea na neva iliyo ndani inashtuka.

Nitrati ya potasiamu haizibi mirija hiyo, inatuliza neva. Piga mswaki nayo mara 2 kwa siku na uipe wiki 2 hadi 4. Haidroksiapatiti ni madini ya jamii ileile inayojenga jino: chembe zake zinaingia kwenye mirija na kuiziba. Japani dawa ya meno ya aina hiyo iliingia madukani 1980. Ipo pia ya tatu, kalsiamu sodiamu fosfosilikati, ambayo kwa kweli ni kioo. Asili yake ni kioo alichobuni Larry Hench huko Florida mwaka 1969, akitafuta kitu kitakachoshikamana na mfupa. Ikikutana na mate inaachia kalsiamu na fosfeti, na hayo yanajenga tabaka juu ya dentini.

Kwako ningeanza na ile ya potasiamu, mradi iwe na floraidi, madini yanayolikinga jino lisioze. Hela itakayobaki, nunua mswaki laini, uushike kwa vidole kama kalamu. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa kikombe kizima cha maji. Ukila embe bichi au ukinywa maji ya ukwaju, subiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Kijishimo kikiwa kirefu hakuna dawa ya meno itakayokijaza, hicho kinazibwa klinikani.

Mama wa Kisoro
Daktari, huku kwetu kuna maji yenye floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkeno. Watoto wana madoa ya kahawia kwenye meno. Nao tuwape hiyo ya floraidi?

Tabibu wa Meno
Swali zuri mama. Madoa hayo huingia wakati jino la kudumu bado linajengeka ndani ya fizi, kwa hiyo tunachoogopa kwa wadogo ni kumeza. Chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele, kuanzia 3 hadi 6 kiasi cha njegere, na mtu mzima asimame hapo mpaka ateme. Kwa maji kama yenu, haidroksiapatiti isiyo na floraidi inafaa kuzungumzwa na daktari wa meno anayeyajua maji hayo.

MamaSwaumu
Ahsante sana daktari, Mungu akubariki. Nitajuaje kwamba si ganzi tu?

Tabibu wa Meno
Maumivu yakibaki dakika kadhaa baada ya baridi kuondoka, au chai ya moto ikiyaamsha, au yakikukatiza usingizi, au ukiumia unapong'ata, usisubiri hizo wiki. Nenda kitengo cha meno cha hospitali ya rufaa hapo Arua, ueleze ni jino lipi na linaamshwa na nini.