Naombeni ushauri: betri gani za kuchaji zinafaa kwa taa za baiskeli?

MaziwaAlfajiri:
Wakuu, habari za jioni. Napeleka maziwa kwa baiskeli kutoka Old Shinyanga hadi mjini, na naondoka giza likiwa bado nene. Taa ya mbele inakula betri tatu za AA, ya nyuma mbili za AAA. Zile betri za bei nafuu hazimalizi wiki. Mwanga unaanza kufifia nikiwa katikati ya njia, na malori yanapita kwa kasi. Nimeulizia za kuchaji nikaoneshwa aina tatu: AA zilizoandikwa NiMH 1.2V, nyingine za umbo hilohilo zimeandikwa 14500 3.7V, na tochi nzima ya kufunga kwenye usukani yenye betri nene ya 18650, imeandikwa 9900 mAh. Muuzaji anasema hiyo ya mwisho ndiyo kiboko. Nichukue ipi? Na hiyo 1.2V haitafanya taa iwe hafifu, maana za kawaida ni 1.5V?

Fundi_Waya:
Karibu mkuu. Hizo 14500 ziache hukohuko dukani. Zinaingia kwenye taa yako bila shida, na hapo ndipo hatari ilipo. Taa imetengenezwa kwa volti 4.5, wewe utakuwa umeipa zaidi ya 11. Itaungua.

Kuhusu 1.2V usiwe na hofu. Ile 1.5 ya betri ya kawaida ni ya mwanzoni tu. Ukiwasha taa inaanza kushuka, na inaendelea kushuka mpaka karibu na volti 1. NiMH inakaa kwenye 1.2 karibu safari nzima, kwa hiyo mwanga wa saa ya kwanza na wa saa ya tatu hautofautiani sana. Ila ujue kitu kimoja: ikiisha, inaisha ghafla. Haikuonyi kwa kufifia taratibu. Kwa barabara yenye malori, seti ya akiba mfukoni ni lazima.

Pedali_Kila_Siku:
Mnamzungusha bure. Anunue taa ya kuchaji kwa waya wa simu, mambo yaishe.

Fundi_Waya:
@Pedali_Kila_Siku nyingi za hizo betri imezibwa ndani. Ikichoka, unatupa taa nzima. Na umeme ukikatika usiku huna cha kubadilisha alfajiri. Mtu ambaye kazi yake inategemea taa anahitaji betri zinazotoka.

DadaSola:
Kaka, hiyo 9900 mAh (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) ni uongo mtupu. 18650 maana yake ni kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na kwenye umbo hilo hata viwanda vikubwa vinaishia kwenye 3500 mAh au juu yake kidogo. Ukiona 5000 au 9900, jua namba imechapishwa kwenye karatasi tu. Huko kwenu kuna wanunuzi wa dhahabu wenye mizani nzuri, waombe wakupimie. Nzima ina gramu 45 hadi 50. Ikiwa nyepesi mno, mara nyingi ndani wameweka kitu kidogo kuliko ganda.

Sisemi 18650 ni mbaya, ya kweli ina nguvu sana. Lakini ni lithiamu: inataka chaja yake inayokata ikifika volti 4.2, na ni vizuri iwe na ulinzi ndani. Za kutoa kwenye laptopu mbovu usiguse kabisa. Zinaweza kushika moto, nawe umezilaza ndani karibu na watoto.

MaziwaAlfajiri:
Asante sana dada, asante fundi. Basi naelekea kwenye NiMH. Nimeona za 2000 na za 2500, nikajua kubwa ndiyo bora?

DadaSola:
Chukua za 2000. Za 2500 zinadumu muda mrefu kwa chaji moja, ila kwa kawaida zinachakaa mapema. Tafuta zile zinazohifadhi chaji. Utazijua kwa sababu pakiti inasema ziko tayari kutumika, zimechajiwa kiwandani. Zilizovuma ni Eneloop, Sanyo walizitoa mwaka 2005 na sasa ni za Panasonic. Kagua vizuri, za kuiga zipo.

Hesabu yake: taa ikila umeme wa 400 mA (miliampea), betri za 2000 mAh zinakupa kama saa tano. Kuwa tatu hakuongezi saa, maana zimepangwa mstari mmoja: volti zinajumlishwa, mAh hazijumlishwi.

MzeeWaPhoenix:
Wanangu, dainamo mmeisahau? Volti 6, wati 3, haitaki chaja.

MaziwaAlfajiri:
Shikamoo mzee. Ninayo, ila nikisimama inazima, na nikiwa na madumu mawili nasimama sana. Fundi, swali la mwisho: chaja yoyote inafaa?

Fundi_Waya:
Hapana, na kwako hapa ndipo penye jambo. Chaja nyingi za bei ya chini zinachaji betri mbilimbili. Wewe una tatu, kwa hiyo moja utaichanganya na ngeni, ijae kupita kiasi au ibaki nusu. Tafuta chaja ambayo kila tundu lina taa yake na linakata lenyewe betri ikijaa. Kama unatumia sola, chukua ya kuchomeka kwenye tundu la kuchajia simu.

Kisha nunua AA sita, uziwekee alama: tatu A, tatu B. Usichanganye seti wala mpya na kuukuu, kwa sababu dhaifu moja ikiisha kabla ya wenzake, umeme wa wenzake unaichaji kinyume na inakufa. Taa ikizima, itoe seti hapohapo, usiendelee kuikamua.

Ya nyuma isikuumize kichwa. AAA za 800 mAh kwenye taa ya kumetameta zinakaa siku nyingi. Zichaji kila Jumapili hata kama bado zinawaka, maana ya nyuma ikizima wewe mwenyewe huioni.