Mhandisi aliyepewa timu: malezi na jukwaa avipangeje?

Swali: Shikamooni wakubwa. Mwanamke mhandisi wa programu akikabidhiwa timu ya watu sita, kuandika msimbo (code), malezi ya kikazi ya wahandisi wachanga na mihadhara avigawie muda vipi?

Jibu 1: Marahaba. Asing'ang'anie sehemu ngumu za msimbo. Vikao vikimbana, kazi hizo hulala na timu nzima inamsubiri. Achukue marekebisho madogo yasiyo na haraka. Ampe kila mtu wa timu dakika 30 za faragha kwa wiki, na ajenda aiandike anayesimamiwa, la sivyo kikao kinageuka ripoti ya kazi.

Jibu 2: Kwenye malezi, ushauri peke yake haupandishi mtu cheo! Lazima amtaje binti anayemlea kwenye vikao ambavyo binti huyo haingii, na ampe kazi yenye jina lake. AkiraChix ya Nairobi imekuwa ikifundisha wasichana teknolojia tangu 2010. Wahitimu wa namna hiyo wanahitaji mlango wa kwanza, si pongezi.

Jibu 3: Jukwaani, akipewa dakika 25 aandae za 20, maana projekta husumbua. Azungumzie jambo moja tu. Onyesho la programu lirekodiwe video mapema, kwani intaneti ya ukumbini hukatika watu wakijaa. Pendekezo la mada liseme tatizo, linamhusu nani, na msikilizaji ataondoka anaweza kufanya nini. Hapo kwenye "kufanya nini" ndipo wengi huacha patupu.