Naomba ushauri: kuitunza na kuiendesha pikipiki majira ya baridi na mvua

Heshima kwenu wakuu. Ninategemea pikipiki kwenda kazini na kurudi, na majira ya baridi yenye mvua za mfululizo yananitia wasiwasi mkubwa, kwa kuwa barabara hailowi tu bali pia humwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu, na chumvi hiyo hula chuma haraka.

Swali langu kubwa linahusu cheni. Huisafisha, huikausha kwa kitambaa na kuipaka mafuta ingali na joto la safari ili yapenye vizuri. Hata hivyo, mvua ikinyesha mara moja tu naona wekundu wa kutu ukianza pembeni mwa pini zake. Je, niipake kila ninaporudi, au kuna mafuta yasiyooshwa na maji kwa urahisi?

Kuhusu breki, najua kwamba kwenye lami iliyolowa umbali wa kusimama huongezeka sana, kwa hiyo huacha nafasi kubwa mbele yangu na kukwepa mistari ya rangi na mifuniko ya chuma, hasa kwenye kona. Lakini pikipiki yangu haina ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapofunga breki), nami ningependa kusikia kutoka kwa wenye uzoefu: mnagawaje nguvu kati ya breki ya mbele na ya nyuma bila gurudumu kujifunga na kuteleza? Upepo wa matairi nauacha kama mtengenezaji anavyoelekeza, maana sikubaliani na wanaosema upunguzwe wakati wa mvua.

Vilevile, kioo cha helmeti hushika ukungu kila ninaposimama kwenye taa. Mnauzuiaje?