Hafushafti "orijino" ya Sh18,000 imejisokota kama kamba baada ya wiki tatu, na duka linasema kosa ni langu

Wadau, nimekaa na hasira hii tangu Jumamosi nikitumaini itapoa. Haijapoa. Wenye Land Rover nzee, hasa nyinyi mnaotegemea spea za Kirinyaga Road, someni mpaka chini. Wengine mnisamehe kwa urefu.

Gari ni Series III fupi, ile ya inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ya 1978, petroli, na injini yake ya cc 2286 ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Nalitaja hili mapema kwa sababu mwenye duka ameanza kusema eti nimeweka injini kubwa. Farasi 70, bwana, na baadhi yao washastaafu.

Mwezi uliopita kila nikiachilia klachi nilikuwa nasikia "kong'" huko nyuma. Fundi wangu akaingia chini, akashika propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya giaboksi nyuma, akaizungusha huku na huku, akatoka anajifuta mikono: meno ya hafushafti, zile fito mbili za chuma zinazotoka difu (gia za katikati ya akseli) kwenda kuzungusha magurudumu, yamelika upande wa difu. Hafushafti zenyewe hazikuwa zimekatika. Zilikuwa zimelegea tu, miaka zaidi ya 40 kazini. Akaniambia naweza kungoja. Mimi nikajifanya mjanja, nikasema hapana, nisije nikakwama porini, tubadilishe zote mbili.

Basi nikaenda dukani. Jamaa hakuuliza hata ni gari la mwaka gani. "Land Rover? Ziko." Akanitolea mbili za meno 24. Kwa wasiojua, Series fupi ina akseli ya Rover, na upande wa difu hafushafti yake ina meno 10 manene, unayahesabu kwa kidole. Meno 24 ni ya akseli ya Salisbury, ile nzito iliyo kwenye Land Rover ndefu, 109 nyingi na 110, au ya Defender za kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Kama hujui yako ni ipi, chungulia nyuma ya difu. Ukiona mfuniko uliozungushiwa bolti, hiyo ni Salisbury. Ya Rover difu yake inatolewa kwa mbele, nyuma ni mgongo mtupu.

Nikamwambia hizi haziingii. "Mkubwa, shafti ni shafti." Aliniambia hivyo, na watu wawili kaunta wanasikia. Shafti ni shafti, kama vile ufunguo ni ufunguo.

Siku ya pili nikarudi na ya zamani mkononi, imefungwa gazeti. Sasa akaleta za meno 10, lakini zote mbili fupi. Difu ya hili gari haikai katikati, imesogea kulia, kwa hiyo ya kushoto ni ndefu kuliko ya kulia. Ilibidi niziweke ubavu kwa ubavu juu ya kaunta ndipo akubali. Safari ya tatu akanipa jozi sahihi, kwenye boksi lenye kibandiko kinachong'aa mpaka unajiona sura. "Hii sasa ni orijino kabisa, mzee wangu. Utazikwa nayo." Nikatuma Sh18,000 kwa M-Pesa. Risiti imeandikwa "shafti 2" na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chungu, mali ikishauzwa hairudishwi.

Jumamosi nilikuwa natoka Kitengela ndani ndani kule, udongo mweusi, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nyuma nina magunia manne ya chakula cha ng'ombe, kilo 70 kila moja, na pembeni yangu mjomba. Tunapanda kutoka kwenye kikorongo kidogo, gia ya kwanza, sijaweka fowili (magurudumu yote manne yavute) kwa sababu hakukuwa na haja. Nikasikia "tak!" moja, kavu. Injini ikapanda sauti, gari likasimama, halafu likaanza kurudi nyuma.

Nikavuta hendibreki. Hakuna kitu.

Msiolijua gari hili, nisikilizeni hapa kwa makini. Hendibreki ya Land Rover haishiki magurudumu, inashika propela, pale nyuma ya giaboksi. Hafushafti moja ikikatika, propela inaweza kuwa imeshikwa kabisa na gari bado linateremka: gurudumu zima linazunguka zake, na kile kipande kilichovunjika kinazunguka kinyume ndani ya difu. Hendibreki inakuwa pambo. Kilichotuokoa ni breki ya mguu. Mjomba alikuwa tayari ameshafungua mlango, mguu mmoja nje, na ana miaka 71. Hakusema neno mpaka tuliposimama, kisha akaniuliza polepole, "Na hiyo ndiyo uliyosema ni mpya?"

Nikabonyeza kile kirungu cha manjano cha fowili, magurudumu ya mbele yakashika, tukashusha magunia, tukarudi kinyumenyume mpaka pazuri. Nyumbani tumefika kwa magurudumu ya mbele peke yake, barabara ya Namanga yote malori yanatupigia honi.

Jumatatu fundi akafungua. Bolti sita kwenye habu, pale katikati ya gurudumu, ukivuta hafushafti inatoka bila hata kugusa gurudumu, na hiyo ni heshima ya akseli hii, kwamba uzito wa gari umebebwa na beringi za habu na shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ile ya kushoto ikatoka bila kichwa, yaani ncha yenye meno. Kichwa kilibaki ndani ya difu, ikabidi tumwage oili (inameremeta kama rangi ya kucha) na kuishusha difu nzima. Oili mpya, gasketi na kazi, Sh6,500 nyingine.

Sasa tazameni hicho kipande. Meno ambayo yanapaswa kwenda sawa na shafti yamelala upande, yamejisokota kama kamba ya katani. Na pale kilipokatika ni bapa, kama kimepigwa msumeno. Chuma kikavu mno ukikisokota hukatika kwa mshazari, jaribu na chaki uone. Chuma laini hujisokota kwanza, halafu hukatika bapa. Nikaitoa na ile ya kulia, ambayo haijakatika. Nayo meno yake yameanza kulala. Wiki tatu! Hiyo si ajali wala si dereva. Hicho ni chuma cha kutengenezea geti kilichochongwa meno, hakikuwahi kupitishwa kwenye moto wa kukikomaza.

Nikampelekea mwenye duka vipande vyote viwili. Kwanza injini kubwa. Nilipomwonyesha picha ya injini, akahamia kwenye mzigo. Kilo 280, gari lililotengenezwa kubeba mzigo shambani. Akahamia kwenye matope: "Uliingia nayo matopeni, mkubwa, hapo mimi nifanye nini?" Nikamuuliza Land Rover yeye anadhani hununuliwa ipelekwe harusini? Mwisho akanionyesha ile mistari ya chungu kwenye risiti.

Mistari ile haimwokoi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inataka mali ilingane na maelezo iliyouzwa nayo, na iko pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na si lazima uwe na wakili. Nadai Sh18,000 na Sh6,500. Fundi amekubali kuja kueleza alichokiona. Jina la duka silitaji hapa, kwa hiyo msiniulize kwenye ujumbe wa faragha.

Na tafadhali, asitokee mtu wa kuniambia ninunue Toyota. Wala wale wa kuniambia niagize shafti za mashindano zisizokatika. Ukiweka shafti ngumu kupita kiasi kwenye difu hii ya kale, kitakachofuata kukatika ni meno ya difu yenyewe, na hapo utalia zaidi. Nataka shafti ya kawaida, ya chuma chake, kilichokomazwa, basi.

Ninachouliza ni hiki: kuna aliyewahi kuchongewa hafushafti ya meno 10 hapa Nairobi, kwa chuma kigumu cha EN24 cha kweli, na ikapelekwa kukomazwa baada ya kuchongwa? Imekaa muda gani, na ulilipa ngapi? Wa leth, yaani wa mashine ya kuchonga, nimewapata wengi. Wa moto wa kukomaza ndiye sijampata.

Gari lenyewe linatembea. Fundi alikuwa hajazitupa zile za zamani, alizisukuma chini ya kiti akanyamaza. Tumezirudisha zote mbili. Linapiga "kong'" vile vile.