Chujio la CRRT (mashine ya kusafisha damu mfululizo badala ya figo) linaganda mapema mno, tuanze kurekebisha wapi?

nesi_zamu
Wakuu, naomba ushauri. Mgonjwa wa ICU, figo zimegoma kwa sababu ya sepsisi (maambukizi makali yaliyovuruga mwili). Damu inazunguka mL 150 kwa dakika. Maji ya kufidia ni mL 1,500 kwa saa, yote yanaingia baada ya chujio, na tunamtoa mL 200 kwa saa. Hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni seli) 30%. Heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) hatujaweka kwa kuwa chembe sahani ziko chini. Chujio halimalizi hata saa 12. Tumpe dawa gani?

chujio_hai
Kabla ya dawa, piga hesabu. mL 150 kwa dakika ni mL 9,000 kwa saa. Ukiondoa seli, plasma (maji ya damu) ni 6,300. Mnachuja 1,700 (1,500 na 200), yaani 27% ya plasma. Jitahidini isizidi 20 hadi 25. Hapo damu inafika mwisho wa chujio ikiwa nzito mno, lazima igande.

Hamishia mL 1,000 kabla ya chujio, 500 zibaki baada, kisha pandisha damu hadi 200. Sasa plasma ni 8,400, jumlisha 1,000 za kabla ya chujio: 1,700 kwa 9,400 ni 18%. Usafishaji unapungua kidogo maana damu imezimuliwa mapema, lakini chujio likisimama halisafishi kitu kabisa.

pampu_haisimami
Je, shinikizo linasemaje? Likipanda lile la kuvuka utando peke yake, matundu yanaziba. Tofauti kati ya kuingia na kutoka kwenye chujio ikipanda pia, nyuzi zenyewe zinaganda. Likipanda la kurudisha, kagua chemba ya hewa na mrija.

nesi_zamu
Ahsanteni. Shinikizo la kuvuta damu kwa mgonjwa linafika hasi 200 kila tukimgeuza, alamu inalia, pampu inasimama.

pampu_haisimami
Basi hapo pana kiini kingine, dada. Kila pampu ikisimama damu inatuama. Angalieni mrija uliokunjika, mkao wa shingo, na kama ncha ya kateta (mrija ulio ndani ya mshipa) inagusa ukuta wa mshipa. Kateta ya shingo kulia huwa sentimita 15, ya paja 25. Fupi pajani inasumbua sana. Hakuna dawa ya kuponya kateta mbovu.

dkt_kalsiamu
Hayo yakikaa sawa, sitreti ndiyo chaguo langu la kwanza kwake, kwa sababu inafunga kalsiamu ambayo damu huihitaji ili igande, na inazuia kuganda ndani ya mashine tu. Anza na mmol 3 kwa kila lita ya damu. Kwa damu mL 150 hiyo ni mmol 27 kwa saa. Maji yenye mmol 18 kwa lita yatakwenda mL 1,500 kwa saa, kabla ya chujio. Mkipandisha damu, sitreti ipande nayo.

Pimeni kalsiamu huru (isiyofungwa na kitu) sehemu mbili. Baada ya chujio iwe 0.25 hadi 0.35 mmol/L, ikizidi, ongeza sitreti. Kwa mgonjwa iwe 1.0 hadi 1.2, ikipungua, ongeza dripu ya kalsiamu. Watu huchanganya hizi mbili, na ni hatari.

nesi_zamu
Na ini likiwa dhaifu, daktari?

dkt_kalsiamu
Ini ndilo huivunja sitreti, kwa hiyo hujikusanya. Gawanya kalsiamu yote kwa kalsiamu huru: ikivuka 2.5, huku asidi na laktati vikipanda, punguza au simamisha. Baikaboneti ikipanda bila hayo, sitreti inavunjwa vizuri ila imezidi. Na mashine ikisimama, zimeni dripu ya kalsiamu papo hapo.