Vyeti vya usaili: bahasha ya kaki, faili la plastiki au begi?

Mtoto wa Nansio
Mwangaluka wakuu. Jumatatu ijayo nina usaili wa mahojiano wa Sekretarieti ya Ajira hapo Mwanza mjini, kada ya uuguzi. Natokea Ukerewe, kwa hiyo vyeti vitapita ziwani kwanza, halafu daladala. Nimekwama kwenye njia tatu: bahasha ya kaki kama tulivyozoea, faili la plastiki lenye mifuko, au begi la mgongoni nitie kila kitu. Halafu, vyeti halisi nibebe vyote, au nipeleke kopi zenye muhuri wa wakili, halisi vibaki kwa mama? Naogopa kuvipoteza njiani.

Dada wa Igoma
Mdogo wangu, hilo la kopi halina mjadala: beba halisi. Rudia kusoma tangazo la kuitwa kwenye usaili: wanataka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama ulipita huko, mpaka cha chuo. Hati ya matokeo haipokelewi badala ya cheti, na watu wanarudishwa mlangoni kwa hilo. Wewe muuguzi ongeza cheti cha usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Itazame leo kama haijaisha muda. Kopi beba, ila ni za nyongeza tu.

Na majina! Vipange kitandani vyeti vyote pamoja na kitambulisho cha NIDA, uyasome herufi kwa herufi. Yakitofautiana, wahi kwa wakili upate hati ya kisheria ya majina. Usingoje Ijumaa.

Mzee wa Kirumba
Mimi nilikuwa mtu wa kaki mpaka nilipokwenda usaili wa kampuni moja binafsi. Nilishuka Buzuruga mvua inamwagika, bahasha nimeibana kifuani ndani ya koti. Kuitoa mbele ya jopo, kona imelowa, karatasi zimeshikana, cheti cha kidato cha nne kina doa la rangi ya kaki pembeni. Nilikuwa nabandua karatasi taratibu zisichanike huku mwenyekiti ananiuliza nijieleze. Sikuweza kufanya yote mawili. Doa lile lipo mpaka leo. Nunua faili la plastiki.

Nyegezi Juu
Kwa mvua nakubaliana na Mzee. Ila faili la mifuko lina kasoro zake. Anayehakiki anataka kukishika cheti, akigeuze, aone mhuri. Kila kimoja unakichomoa kwenye mfuko mwembamba, mkono una jasho, foleni iko nyuma yako. Kopi zikikaa humo muda mrefu kwenye joto, wino unagandia plastiki. Mimi natumia bahasha ya plastiki ile yenye kifungo, bei yake ndogo tu kwenye maduka ya vifaa vya ofisi. Vyeti navipanga kwa mfuatano wa tangazo, cha kuzaliwa juu, kopi nyuma zimebanwa peke yake. Akitaja, mkono unajua pa kwenda. Na tafadhali, vyeti msivipige laminesheni, havirudi tena kuwa karatasi.

Mama Wawili Sengerema
Begi lisidharauliwe, ni la safari. Bahasha yenye kifungo iingie ndani ya begi, na begi ulipakate, usimpe kondakta aliweke nyuma. Kitambulisho kikae mfukoni mwako. Namba ya usaili iandike kwenye karatasi, maana simu ikizima unabaki unahangaika getini. Kalamu mbili, maji, na hela ya chakula na ya kulala, kwani gharama zote ni zako.

Sisi huku tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 tunatoka asubuhi tukafika. Wewe bado uko mikononi mwa ziwa. Vuka Jumamosi, usijaribu Jumatatu alfajiri.

Mtoto wa Nansio
Asanteni sana, dada zangu na kaka zangu. Bahasha yenye kifungo ndani ya begi, vyeti halisi vyote, navuka Jumamosi. Nimevipanga kitandani kama alivyosema Dada wa Igoma. Leseni iko sawa. Lakini cheti cha kuzaliwa kina herufi "h" ambayo NIDA haina, na miaka yote hii sikuwahi kuiona. Kesho saa mbili niko mlangoni kwa wakili.