Dada Zawadi na barua ya shukrani: gumzo la kikundi cha ukoo, Ijumaa

Zawadi (Columbus): Shikamooni wote. Usaili wa jana wa kazi ya uuguzi hospitalini umekwenda vizuri, alhamdulillahi. Walinikalia wanne: inchaji wa wodi, sista wa mafunzo, na wauguzi wawili wa zamu. Sasa dada mmoja ninayefanya naye kazi nyumba ya wazee kanambia niwaandikie barua ya shukrani leo leo, kabla siku haijaisha. Ndiyo desturi ya huku Marekani kweli?

Shangazi Mwanaisha: Marahaba mwanangu. Hongera sana. Ndiyo desturi, tena ya zamani. Nilipokuwa Houston kila usaili niliofanya niliandika. Andika leo, imeili inatosha. Kadi ya mkono inapendeza, lakini posta itakaa nayo siku kadhaa na wao huenda washaamua.

Salma: Hongera dada Zawadi! 🎉🎉

Baba Mdogo Juma: Ndio natoka msikitini nakuta habari njema. Hongera mwanangu. Ila hilo la barua linanitia wasiwasi. Salma juzi kafanya usaili wa Utumishi Dodoma. Angemwandikia mjumbe wa jopo hata salamu tu, si ingeonekana anatafuta mlango wa nyuma?

Shangazi Mwanaisha: Kwa Salma uko sahihi kabisa, Juma. Pale una usaili wa mchujo, ukipita unaitwa wa mahojiano, alama zinajumlishwa, matokeo yanatoka Sekretarieti ya Ajira. Wajumbe wa jopo hawana cha kupokea kutoka kwa msailiwa. Salma usimtafute mtu. Angalia akaunti yako ya Ajira Portal na matangazo ya kuitwa kazini, basi.

Salma: Sawa shangazi. Na nikikosa sasa hivi?

Shangazi Mwanaisha: Aliyefaulu akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, anaweza kupangiwa baadaye. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu.

Shangazi Mwanaisha: Kwa Zawadi mambo ni mengine. Marekani hospitali inaajiri yenyewe. Inchaji ndiye atakayekaa na huyo muuguzi kila siku, na sauti yake ni kubwa kwenye uamuzi. Watu watano wakija wote wana leseni, wote wamefaulu NCLEX, ule mtihani wa leseni ya uuguzi, anabaki kujiuliza nani alikuwa ananisikiliza nilipozungumza. Barua inajibu swali hilo. Si hongo, Juma. Haina zawadi ndani wala haiombi upendeleo.

Kaka Hamisi (Leeds): Huku Uingereza haina uzito hivyo. Jopo la NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, linajaza alama kwa kila swali, kulinganisha na sifa zilizotajwa kwenye tangazo la kazi. Ukishatoka chumbani alama zako zimeshaandikwa. Kushukuru si vibaya, lakini chenye faida zaidi ni kuomba mrejesho, hasa ukikosa. Wanakueleza swali lipi lilikuangusha. Mimi mrejesho huo ulinisaidia sana.

Zawadi (Columbus): Asante kaka. Nimeshaandika kitu. Nimekiweka kwa Kiswahili ili na Bibi asomewe, nitakigeuza Kiingereza mkishanisahihisha:

"Waheshimiwa, nawashukuru sana sana kwa nafasi adhimu mliyonipa. Naomba mnifikirie kwa jicho la huruma kwani familia yangu yote inanitegemea. Tangu jana sijaacha kumkumbuka yule mzee wa chumba cha mwisho aliyekuwa akimwita mkewe. Nasubiri jibu lenu kwa hamu kubwa."

Baba Mdogo Juma: Barua nzuri, ina adabu.

Shangazi Mwanaisha: Adabu anayo. Lakini hiyo usiitume, mwanangu. Nakueleza kwa nini.

Shangazi Mwanaisha: Kwanza mzee. Mtoe. Ulimwona kwa sababu walikutembeza wodini kwa imani. Siri ya mgonjwa huko inalindwa na sheria ya HIPAA ya mwaka 1996, na hata pasingekuwa na sheria, tumefundishwa hivyo tangu darasani. Inchaji akisoma kwamba umemweka mgonjwa wake kwenye imeili kabla hata hujaajiriwa, ataanza kujiuliza utaandika nini ukishaajiriwa. Najua moyo wako ulimwendea. Yabaki moyoni humo humo.

Shangazi Mwanaisha: Pili huruma na familia. Hospitali haiajiri shida zako, inaajiri mikono na kichwa chako. Umesoma, leseni unayo, usijiweke chini.

Shangazi Mwanaisha: Tatu, hiyo barua ingeweza kupelekwa hospitali yoyote ya Ohio. Hakuna jambo hata moja la jana ndani yake. Andika kama unavyokabidhi zamu: fupi, sahihi, ya huyu mgonjwa na si ya mwingine. Inchaji alizungumza nini kilichokugusa?

Zawadi (Columbus): Alisema wauguzi wake hawakabidhiani zamu kwenye kaunta. Wanakwenda pale kitandani, mgonjwa mwenyewe anasikia na anaweza kuuliza. Nikakumbuka wodi ya upasuaji Tanga, asubuhi tulivyokuwa tunapita na sista kitanda kwa kitanda.

Shangazi Mwanaisha: Sasa hiyo ndiyo barua yako!

Kaka Hamisi (Leeds): Kweli kabisa. Hilo hakuna mwingine wa kuliandika.

Bibi 🎤 *(ujumbe wa sauti, umeandikwa na Salma)*: Zawadi mjukuu wangu, nimesomewa. Mfuate shangazi yako, kazi hiyo kaifanya mpaka nywele zimeota mvi. Na kila mmoja mtaje kwa jina lake. Mtu akikukaribisha kwake humwambii "asanteni nyote" ukaondoka.

Shangazi Mwanaisha: Mama kasema. Imeili moja kwa kila mtu, na zisifanane, maana wakikaa kujadili watazionyeshana. Majina yahakiki herufi kwa herufi. Na kama kuna mwenye shahada ya udaktari wa uuguzi, mwite Dokta.

Zawadi (Columbus): Inchaji na sista wa mafunzo walinipa kadi zao. Wale wauguzi wawili sina anwani zao. Niwatafute Facebook?

Kaka Hamisi (Leeds): Hapana hapana. Huko ni nyumbani kwa mtu.

Shangazi Mwanaisha: Mwandikie afisa wa ajira aliyekupangia usaili, mshukuru naye, umwombe awafikishie. Wale wawili usiwadharau hata kidogo. Wakitoka humo inchaji huwauliza: mnaweza kufanya naye zamu ya usiku?

Zawadi (Columbus): Haya, ya inchaji nimeiandika upya:

"Habari za asubuhi. Asante kwa muda wako wa jana na kwa kunitembeza wodini. Uliponieleza kwamba wauguzi wenu hukabidhiana zamu kando ya kitanda, nilikumbuka wodi ya upasuaji niliyoanzia kazi Tanga. Kila asubuhi tulipita kitanda kwa kitanda, anayetoka akionyesha kidonda na dripu, anayeingia akihakikisha kwa macho yake. Ningefurahi kufanya kazi hivyo pamoja nanyi. Kama kuna kitu chochote zaidi mnachohitaji kutoka kwangu, niko tayari kukileta."

Shangazi Mwanaisha: 👏👏 Usiongeze hata nukta. Chini weka jina lako kamili, RN (muuguzi aliyesajiliwa), na namba ya simu.

Baba Mdogo Juma: Nimeelewa sasa. Hii haina kubembeleza. Dada, nimekubali.

Zawadi (Columbus): Kwa sista wa mafunzo nitamtajia alivyosema kila muuguzi mgeni anapewa mwenyeji wa kutembea naye wiki za mwanzo. Nilimuuliza maswali mengi juu ya hilo, atakumbuka.

Shangazi Mwanaisha: Safi. Ukishatuma tulia. Wamekwambia watajibu lini?

Zawadi (Columbus): Wiki ijayo.

Shangazi Mwanaisha: Basi usiwaulize kitu mpaka wiki hiyo iishe. Ikipita kimya, swali moja fupi kwa afisa wa ajira.

*Saa moja jioni, Tanga*

Zawadi (Columbus): Nimetuma zote. Afisa wa ajira kajibu tayari, kasema wale wawili kawapelekea. Tena kaomba majina ya wadhamini watatu kabla ya Jumatatu!

Salma: Mashallah!

Kaka Hamisi (Leeds): Dalili njema hiyo.

Shangazi Mwanaisha: Alhamdulillahi. Yule matroni wako wa Tanga usimwandike kabla hujamwambia. Mweleze ni kazi gani, wodi gani, na kwamba simu inaweza kuingia usiku kwa saa za kwetu. Umuulize pia imeili anayoifungua kweli, maana ile ya ofisini wengi hawaifungui.

Zawadi (Columbus): Nampigia sasa hivi, kabla hajalala.